Saluti ya Getini

Hasira hii sijaimeza mpaka leo. Mjomba wangu aliacha jeshi baada ya kuumia mguu, nami nikamwandikia barua ya kuomba kazi ya ulinzi kwenye ofisi moja ya serikali hapa Uvira. Wakamwambia angoje jibu. Askari haketi bila amri, na hakuna aliyemwambia aketi. Basi kwa miezi miwili, kila asubuhi, alisimama wima pale getini, akimfungulia shefu, mkuu wa ofisi hiyo, na kumpigia saluti.

Nilipochoka, niliingia mwenyewe kwa shefu. Bahasha yetu ilikuwa mezani, haijafunguliwa, kikombe cha chai juu yake.

"Shefu, mujomba wangu anaomba kazi ya ulinzi."

"Kazi haiko," alisema. "Mulinzi tuko naye. Haukumuona pale kwenye geti?"