Mama Chilufya Alikatalaka Kukaribia Moto

Munanisumbua bure. Mukono yangu ya kuandika inauma, na hii habari mutaa yetu ya Katuba muzima inaiyua. Lakini bengine banaisema mubaya, basi acha niiseme miye.

Mama Chilufya alikuwa anafinyanga nyungu, sawa mama yake. Kisha masafuria na ndoo za plastiki zikajaa ku soko, nyungu zake zikabakia mu nyumba na vumbi juu. Batoto bakafukuzwa ku masomo juu ya kukosa feza. Akaanza kuwaza: niache udongo, nikauzishe makala ya kupikia?

Ule mwaka bazee balianza kuyeyusha mukuba, ile shaba, sawa bankambo betu ba zamani, mu furu, tanuru ya udongo, ili bageni bakuje kuangalia. Chilufya akaenda kwa muzee Chishimba, mukubwa wao.

"Baba Chishimba, nikufinyangie matuyo, mirija ya udongo ya kupitisha mupepo mu moto. Nkambo yangu njo alikuwa anayafinyanga. Na siye bamama tupate nafasi pale."

Chishimba akacheka. "Mama, mwanamuke hakaribiake moto ya mukuba. Mukuba inakasirika, haitoke. Tena tuko na matuyo ya chuma, ya kisasa."

"Hiyo chuma yako itapika nini, supu?"

Siku bageni balikuya, bazee balivuta mivukuto mupaka jasho inatiririka. Matuyo ya chuma yakajikunja mu moto sawa mboga ya lenga-lenga mu mayi ya moto. Mukuba haikutoka. Bageni bakapanda bus yabo, bakaenda.

Kesho yake Chishimba akasimama ku mulango ya Chilufya, kofia mu mukono. Chilufya akamuacha asimame paka vile, yeye anaosha sahani, pole pole, moja moja.

"Nitafinyanga," akasema ku mwisho. "Na moto yako sitaikaribia, desturi ninaiyua. Lakini mukuba ikitoka, kile kipande cha kiwanja ku mulango ya pale pa moto ni cha bamama. Useme mbele ya bantu."

Muzee akasema mbele ya bantu.

Siku ya moto, Chilufya alisimama mbali, mikono ku kiuno. Matuyo yakipasuka, kazi ya udongo imekwisha kwake. Bakavuta, bakavuta. Hayakupasuka! Mukuba ikatoka, nyekundu, ikatembea mu muchanga sawa nyoka. Bageni bakapiga makofi. Chilufya akapiga mpundu, vigelegele, mupaka sauti ikakauka.

"Mama, kuja karibu!" Chishimba akaita. "Leo tunakuruhusu!"

"Miye? Sikuye. Bantu ndio bakuje kwangu."

Na bakakuya. Leo mugeni akitoka ku moto, anapita kwa bamama: anaingiza mikono mu udongo, anakula bukari, ugali yetu, anabeba nyungu. Jirani yake Claudine, mujane, ameezeka nyumba yake mabati mapya. Batoto ba Chilufya balirudi ku masomo, na mukubwa wao anasoma ku chuo kikuu cha Kasapa. Chishimba naye, akitaka matuyo, analomba kwa heshima sawa bantu bote.

Sasa weye mwenye kusoma, usiniambie asante. Asante haiivishe mboga. Simama, kuja Katuba, na usikuje na telefone ya kupiga picha tu. Nunua nyungu, pika ndani yake, kisha urudi uniambie kama safuria yako inaweza kupika vile.