Kungojea Hosta Bellevue

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mmea ukishapotea ardhini umekufa. Unapanda mwingine, maisha yanaendelea. Sikulelewa kungojea majani. Kwa hiyo yule mwanamume aliyekuwa akichuchumaa kila asubuhi nyuma ya nyumba ya vyumba vya kupanga pale Bellevue, Johannesburg, kofia ya sufu imemfunika masikio, akikodolea macho udongo mtupu, naomba aeleweke kwamba alikuwa na sababu zake. Wapangaji wenzangu walipouliza nafanya nini, nilisema natafuta bomba linalovuja. Nililitafuta bomba hilo majira yote ya baridi, na walikuwa na adabu ya kutosha kutouliza mbona udongo ni mkavu.

Hosta, mimea ya mapambo, alizileta mke wangu. Alikuwa amemshonea mapazia bibi mmoja mzee wa Kensington aliyekuwa akihama, na yule bibi, juu ya malipo, akamfungia mizizi kwenye mfuko wa plastiki. Mke wangu akapanda teksi na mizizi ile mapajani, kaipakata kama kitoto. Akaipanda upande wa kusini wa nyumba, ambako jua halifiki na hata nguo hazikauki, kwa kuwa hosta ndivyo zinavyopenda. Nikamwambia mmea unaokimbia jua hauna akili. Kiangazi kile zikatoa majani mapana kama sahani, mengine yana ukingo mweupe, nami nikanyamaza.

Baridi ilipoingia, majani yale yakalegea, yakawa manjano, yakalala chini, mwisho hata vikonyo havikuonekana. Tukaamini zimekufa. Mke wangu alinuna kama amefiwa. Baridi ilipopungua akachukua jembe apande mchicha mahali pake, na pigo la kwanza tu akapiga ukelele, nikadhani kaona nyoka. Ndani ya udongo kulikuwa na vichwa vilivyochongoka, vyekundu kidogo, vimejisokota kama karatasi ya kuuzia karanga. Tangu hapo ikawa mchezo wetu wa kila mwaka: atakayeona chipukizi la kwanza anapikiwa chapati na mwenzake. Alishinda yeye kila mwaka, kwa sababu alikuwa anafukua udongo kwa kidole, kitendo ambacho yeye alikiita kuzisaidia.

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, mama yake kule nyumbani akapata kiharusi. Nilimsindikiza Park Station kupanda basi la safari ndefu, mimi nimebeba begi, yeye ananikumbusha habari za gesi na funguo. Mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi, akageuka.

"Hosta zikichipua nitakuwa nimesharudi," alisema.

Mwanamke mwingine angetaja mwezi. Mimi nililichukua neno lile kama mkataba uliogongwa mhuri, na kesho yake nikaanza kutazama udongo, katikati ya baridi kali, wakati hata nyasi zilikuwa zimekata tamaa. Nafasi nilikuwa nayo. Kazi yangu ni kutengeneza friji, na Johannesburg mwezi wa Julai hakuna anayelalamika kwamba friji yake haigandishi. Maziwa unayaweka dirishani tu.

Jioni tulipigiana simu. Mama amekula uji, mama ameukataa uji, mama leo kasema neno moja lakini hatukulielewa. Mimi kama mkwe nilitimiza wajibu wangu: nilituma salamu, nilimwombea dua, nikakaa mbali. Kwetu mkwe mwenye haya haingii chumbani kwa mama mkwe wake, sembuse akiwa hoi kitandani, na mimi haya ninazo za kutosha, hasa ukiniweka kwenye nchi nyingine. Mwishoni mke wangu aliuliza, "Na huko?" Nilijua anauliza nini. "Bado," nilisema. "Haya, bado," alisema, tukaagana. Nililipenda sana neno hilo. Maadamu hosta zilikuwa bado, mke wangu hakuwa amechelewa.

Ukaja mwezi wa Septemba na upepo wake wa vumbi. Huku majira hayo wanayaita springi. Kwetu hatuna kitu kama hicho, tunangoja vuli, na sijaona hasara yake. Asubuhi moja nikaliona chipukizi. Lilikuwa moja tu, karibu na ukuta, limesimama wima na chembe ya udongo kichwani. Nilifurahi, sitaficha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshinda, tena bila kufukua. Nikalipiga picha, kidole kikawa tayari kuituma, ndipo nikakumbuka maneno ya jana yake: mama sasa hawezi hata kujigeuza.

Nikabaki nimechuchumaa. Nikiituma, ama mke wangu atamwacha mama yake katika hali ile, ama hatarudi, na mimi nitakuwa nimeshajua kwamba harudi. Nilikuwa na hamu naye mpaka kifua kinauma. Lakini kujua sikutaka. Nikaifuta ile picha, na jioni nikasema, "Bado."

Kesho yake nikalifunika chipukizi kwa majani makavu, upepo ukayapeperusha. Nikaenda kuchomoa droo ya mboga kwenye friji moja iliyokufa, ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, nikaigeuza juu yake na kuweka jiwe. Nikajiona mjanja. Miaka yote hii nimekula kwa kujua namna ya kulitoa joto ndani ya sanduku, na haikunipitia akilini kwamba joto linaweza pia kuingia na kukaa humo. Wiki haikuisha, chipukizi langu lilikuwa jani zima, limegusa juu ya droo, linatafuta pa kutokea. Wenzake waliokuwa nje ndio kwanza walikuwa wanatoa vichwa. Nikaleta droo ya pili.

Chumba cha mbele anakaa mama mmoja wa Lubumbashi, mwenye saluni, mtu asiyepitwa na jambo. Alinikuta nikitafuta mahali pa kuweka ya tatu.

"Papa, weye unafunika ile maua juu ya nini?"

"Baridi, mama."

"Baridi ilishakwisha. Na ile bomba yako, ulishaiona?"

Nikasema nimeiona. Akazitazama droo, akanitazama mimi, akasema kama ile kitu ni ya kula nisimfiche, yeye mafuta ya mawese iko nayo. Kisha akaenda zake kazini. Sikujua kwamba mke wangu, kabla ya kuondoka, alikuwa amemwachia kazi ya kuangalia bustani na kumtumia picha.

Jioni ile simu iliita mapema kuliko kawaida.

"Mume wangu," alisema, "zitoe hizo droo, zitaunguza majani."

Nilikaa juu ya ndoo. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Nimeletewa picha tangu wiki iliyopita," aliendelea, sauti ya chini, bila ukali, na ningeona afadhali ukali. "Kila jioni nikisema, leo ataniambia. Unasema bado."

"Nimeona nikikuambia utarudi."

"Muongo. Umeona ukiniambia sitarudi."

Nyuma yake nilisikia feni, na mtu anaosha vyombo.

"Unarudi?" niliuliza.

"Narudije? Nani atamgeuza mama?"

"Wadogo zako si wapo."

"Wapo, na waume zao. Zamu ya huyu, mumewe anashika mabega, yeye anashika miguu. Zamu ya yule, vivyo hivyo. Wala hakuna anayeona haya, mama mwenyewe hana nguvu za kuona haya. Zamu yangu nageuza peke yangu. Mgongo umeniisha."

Miezi mitatu nilikuwa nimeutazama udongo, nikihesabu kwamba mimi ndiye niliyeachwa peke yangu. Nilipolisema lile neno lilitoka kavu, kama la mtu anayeomba maji.

"Nije?"

Nikamsikia anavuta makamasi.

"Nangojea uulize hivyo tangu Juni," alisema.

"Mbona hukuniambia nije?"

"Ningekuambia, ungekuja. Najua ungekuja. Nilitaka uulize."

Nilikuwa na utetezi mwingi, nimeuandaa majira mazima ya baridi, na hakuna hata mmoja uliofaa. Nikamuuliza mama hulalia ubavu gani.

"Wa kulia," alisema. "Ila ukimgeuza, uanze na bega."