Mama Hapana na Kompyuta Kuukuu

Mama Hapana hakuzaliwa na jina hilo, alilichuma mwenyewe. Alikuwa fundi kompyuta wa shule, mfupi, miwani imeshikizwa kwa gundi, na ukimwambia jambo haliwezekani umeshamchokoza.

Darasa lake lilikuwa na kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi. Zilishindwa karibu kila kitu, isipokuwa lugha moja ndogo ya programu: mtoto anaandika agizo, programu iitwayo kitafsiri inalisoma na kulitekeleza papo hapo. Kitafsiri hicho kilitoka kwenye mkusanyiko wa programu za bure unaotunzwa na watu wa kujitolea. Siku moja wakatangaza kwamba hakina mlezi, yaani mtu wa kukitunza, na toleo lijalo kinaondolewa. Yaani darasa ndio basi.

Akajitolea kuwa mlezi, akifungashe yeye kiwe kifurushi kilicho tayari kusakinishwa. Weee, alipigwa danadana! Mkaguzi wa mkusanyiko, bwana ambaye hawajawahi kuonana, alikirudisha kifurushi kwa sababu ya leseni, akakirudisha tena kwa sababu ya maelezo. Mwishowe jaribio moja la hesabu likagoma kwenye mashine za zamani, na mkaguzi akampa njia ya mkato: kwenye maelezo, penye orodha ya mashine zinazokubali kifurushi, afute aina hiyo, kifurushi kipite leo leo.

Neno moja tu la kufuta. Mumewe alimsihi afute, maana nyumba nzima ilishachoka kula vyakula alivyoviunguza akiwa kwenye kompyuta. Akamjibu kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mashine zikitoka, wanafunzi wake wametoka nazo.

Akaenda kukijenga kifurushi kwenye kompyuta mbovu kuliko zote, ile inayokoroma, ambayo wanafunzi wanaiita Bibi. Huko akaliona kosa: Bibi alibeba tarakimu za ziada baada ya nukta katikati ya hesabu, jibu likapishana kidogo mwishoni. Akarekebisha, jaribio likapita.

Mkaguzi bado akauliza nani atahangaika na mashine za kutupwa zikileta matatizo.

"Mimi," aliandika. "Zimeleta matatizo miaka yote. Uliwahi kuja?"

Kifurushi kikapita. Ukifungua maelezo yake leo, penye mlezi pana jina lake, na penye mashine, aina ile kuukuu imetangulia, mpya zote ziko chini yake. Mkaguzi alimwomba kwa upole aishushe. Jibu unalijua.