Kadi Mbili za Netta Moncur

Netta Moncur alikuwa mzee wa kanisa kijijini Corrandie kwa miaka kumi na minne, na kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shule mpaka shule yenyewe ilipofungwa kwa kukosa watoto. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Hata leo akiita "chakula tayari" mlangoni kwake, mbwa wa majirani hugeuka. Baraza la wazee lilimpa nyumba tisa za juu kabisa bondeni, zile ambazo wenzake walikuwa wakizikwepa kwa sababu ya barabara, naye akazichukua bila kunung'unika. Alisema kazi haimchoshi, kinachomchosha ni kukaa.

Mara nne kwa mwaka, wiki moja kabla ya Meza ya Bwana, alizipitia nyumba hizo na kadi. Kila mshirika ana kadi yake yenye jina, na Jumapili ya Meza huitumbukiza kwenye kikapu cha mlangoni. Kadi hupelekwa kwa katibu, katibu hutia alama kwenye kitabu cha washirika, na asiyeonekana mezani miaka mitatu mfululizo hukatwa jina. Ndivyo tulivyo sisi. Tunaweza kumsahau mtu maisha yake yote, lakini lazima tumsahau kwa utaratibu.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya Wattie Duthie, mzee wa miaka themanini na mmoja aliyechunga kondoo wa watu milimani tangu utoto wake. Aliishi peke yake na mbwa mmoja mvivu.

"Nani huyo?" aliuliza kila mara akisikia mlango.

"Papa wa Roma."

"Basi futa viatu."

Netta aliingia, akanywa chai nyeusi kama lami, akasikiliza habari za kondoo ambao sasa ni wa watu wengine, kisha akaweka kadi mezani. Hapo ndipo Wattie alipokunja uso.

"Rudi nayo, mama. Nimeshasema. Mimi sinywi kikombe cha Bwana kwenye vyombo vya wanasesere."

Ugomvi huo ulikuwa wa miaka kumi. Zamani tulikunywa wote kikombe kimoja kikubwa cha fedha. Kisha watu wakaanza kuogopa mafua, baraza likanunua masinia yenye vikombe vidogo vya kioo, kila mtu na chake, na wazee wa kanisa huyapitisha benchi kwa benchi. Wattie alikuja mara moja tu baada ya mabadiliko hayo. Alitoka akilaani vikombe mlangoni, hakurudi tena.

Miaka karibu mitatu ikapita hivyo. Netta alijua hesabu ya katibu ilikuwa inakaribia kufika mwisho. Tena alijua kitu kingine. Ina, mke wa Wattie, alikuwa rafiki yake mkubwa, na wiki ile ya mwisho ya ugonjwa wake alimshika mkono akamwambia, "Mume wangu ni mkaidi, Netta, mimi nikiondoka anaweza kususa. Usiwaache wamkate jina. Majina yetu yako pamoja kwenye kile kitabu." Basi Jumapili moja, alipofika mlangoni na kadi yake, Netta alichomoa ya Wattie kwenye mkoba akazitumbukiza zote mbili. Alijiambia ni mara moja tu, mzee atakuja safari ijayo. Wattie hakuja safari ijayo, wala iliyofuata. Alipokuja kushtuka, Netta alikuwa ametia kadi mbili kwa miaka saba.

Angeweza kuendelea hivyo hadi kaburini, lake au la Wattie, kama si bidii ya Farquhar Lumsden.

Bwana Lumsden ndiye katibu wa baraza. Alihamia Milton, kijiji jirani, alipostaafu upimaji wa ardhi, na kitabu cha washirika amekitunza kama wengine wanavyotunza bustani. Corrandie na Milton ni kanisa moja lenye majengo mawili, na yeye husali Milton, kwa hiyo washirika wa Corrandie aliwajua kwa mwandiko wake tu. Mwezi wa tatu baraza lilikutana alasiri kwenye ukumbi wa Milton, ajenda ikiwa kutafuta wazee wapya, maana waliobaki ni kumi na nusu yao wana magoti mabovu.

"Nimepitia kitabu chote," Lumsden alisema. "Na kuna mshirika mmoja wa Corrandie ambaye hajakosa Meza ya Bwana hata mara moja kwa miaka saba. Hata mimi nimekosa mbili, nilipopasuliwa."

"Nani huyo?" aliuliza mchungaji, Catriona Imrie, ambaye alikuwa na miezi sita tu kwetu.

"Bwana Walter Duthie. Napendekeza tumwombe awe mzee."

Eck Birnie, mzee mwingine wa Corrandie, alipaliwa na biskuti. Alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Netta aliitazama chai yake. Akinyamaza, baraza litapanda bonde kesho kumpongeza Wattie kwa uaminifu wake, na Wattie atawatolea mbwa. Akisema, jina la Wattie linakatwa leo leo kwa wino mwekundu, na ahadi aliyompa Ina inaishia hapo. Akasimama.

"Hajafika," alisema.

"Samahani?"

"Wattie hajatia mguu kanisani miaka kumi. Kadi yake naitia mimi."

Lumsden alikifunga kitabu, akakifungua tena. "Mara ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Bi Moncur, hiki ni kitabu cha kanisa! Si orodha ya wanaokula shuleni!"

"Farquhar, punguza moto," Eck alisema, machozi ya biskuti bado machoni. "Sisi wote tulijua."

"Wote akina nani?"

"Corrandie nzima. Tuko thelathini na mmoja pale. Unadhani mtu angekosekana tusijue?"

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Hukuuliza."

Lumsden alitaka jina likatwe palepale. Mchungaji Catriona alimwachia aseme mpaka pumzi ikamwishia, kisha akasema polepole, "Meza ijayo iko wiki tano mbele. Huyu mzee hajaulizwa kitu chochote, wala hajui nini kimefanyika kwa jina lake. Netta, wewe utakwenda kumwambia, kwa mdomo wako. Akija, jina linabaki. Asipokuja, tunalikata, na mimi mwenyewe nitashika kalamu."

Hilo lilikubaliwa. Lakini Lumsden hakuridhika, na tuseme ukweli, alikuwa na haki. Alisema mzee aliyekidanganya kitabu hawezi kubeba sinia la Bwana Jumapili ile kana kwamba hakuna lililotokea. Akae na washirika. Wakapiga kura, sita kwa tatu, Netta mwenyewe hakupiga. Alivaa koti lake, akaosha vikombe vya watu wote kama kawaida, akaenda kwenye gari lake na kulia. Miaka kumi na minne hakuwahi kukosa kuhudumu kwenye Meza. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Siku tatu hakuenda popote. Ya nne akapanda bonde.

Wattie alikuwa nje, anarudishia mawe ya ukuta ulioangushwa na theluji. Alimtazama Netta akiteremka garini.

"Leo si siku ya kadi," alisema. "Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukiri."

"Kukiri ni kwa Papa, si ulisema ndiye wewe?"

Netta hakucheka. Alimweleza yote akiwa amesimama kwenye matope, kadi, kikapu, kitabu, pendekezo la Lumsden. Wattie alisikiliza akiwa na jiwe mkononi. Usoni alianza kuwa mwekundu, kisha akawa wa zambarau.

"Miaka saba umenisemea uongo mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Farquhar Lumsden. Mungu alijua."

"Nani alikutuma?"

"Ina."

Wattie aliliweka jiwe chini. Aligeukia mlima, mbwa akaja kumnusa mguu. Aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Si vile vikombe, unajua."

"Najua? Miaka kumi unatupigia kelele za vikombe!"

"Ilinibidi niseme kitu." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Sisi tulikaa mwisho wa benchi, pale kwenye njia ya katikati ya kanisa. Mzee wa kanisa ananipa mimi kikombe, mimi nampa Ina. Miaka arobaini na sita. Ile Jumapili ya kwanza bila yeye nilipewa lile sinia jipya, nikachukua kikombe changu, nikageuka kumpa. Benchi tupu. Unawajua watu wetu, kila mmoja na benchi lake, hakuna anayesogea. Nikabaki na lile sinia hewani kama mjinga, kanisa zima linanitazama, mpaka mzee akaninyang'anya. Siwezi tena, Netta. Sina wa kumpa."

Netta alikuwa kanisani siku ile. Alikuwa upande wa pili na sinia lake, na hakuona kitu.

"Kwani wewe una nafuu?" Wattie aliendelea. "Mumeo Jim alipofariki, baada ya mwaka ukawa mzee wa kanisa. Hujakaa benchini tangu siku hiyo. Mimi nilikimbilia nyumbani, wewe ukakimbilia kazi. Nilikuona."

"Acha maneno yako."

"Nimeacha. Lakini nilikuona."

Netta aliinama akaokota jiwe, akalipachika ukutani. Wattie akalitoa, akaligeuza, akalipachika vizuri.

"Basi utafurahi," Netta alisema akipenga kamasi. "Wamenipokonya. Jumapili ya Meza sibebi kitu. Nikae na washirika kama kila mtu."

"Utakaa wapi?"

"Sijui. Benchi letu niliwaachia akina Birnie zamani."

Wattie alitafuta jiwe jingine, akalipima kwa macho, akalitupa. Kisha akasema bila kumtazama, kwa ukali kana kwamba wanagombana, "Mahali pa Ina hapana mtu."

Jumapili ya Meza mvua ilinyesha huku jua likiwaka, kama kawaida ya mwezi wa nne. Netta alifika mapema mno akajuta. Alikaa kwenye benchi la akina Duthie, mahali pa pili kutoka njiani, mikono imelala mapajani haina kazi. Watu walimwangalia, wakaangalia vitabu vyao vya nyimbo. Saa tano kasoro dakika tatu njia ilikuwa bado tupu. Alihesabu mistari ya dirisha, akaanza kumchukia Wattie, Lumsden, Ina na yeye mwenyewe, kwa zamu.

Kisha mlango ukalia, na harufu ya dawa ya nondo wa nguo ikatangulia. Wattie aliingia na suti yake ya harusi za watu, akatia kadi kikapuni kwa mkono wake, akaja moja kwa moja.

"Sogea," alisema. Alikuwa nusu kiziwi na kanisa lote likasikia. Netta akasogea, akasogea kupita kiasi. "Si hivyo. Rudi."

Wakati wimbo wa kwanza unaanza, mtu mwingine aliingia akipangusa mvua kwenye miwani. Bwana Lumsden hakwenda Milton siku hiyo. Alikuja kujionea kwa macho. Kwa kuwa hakujua benchi lipi la nani, alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa Corrandie angelifanya, alizungukia ukutani akaketi benchi lenye nafasi, na lenye nafasi lilikuwa lile lile. Akamwona Netta pembeni yake. Akamwona na mzee aliyemfuata. Akauliza kwa kunong'ona, "Ndiye?"

"Ndiye," Netta alijibu.

Mkate ulipita bila shida. Kisha Eck Birnie akaja na sinia la vikombe, akasimama mwisho wa benchi, akamwinamia Wattie. Wattie alipokea. Alichagua kikombe kimoja kwa vidole vyake vinene, taratibu, akanywa, akakirudisha. Sinia likaanza kutetemeka, vioo vikagongana. Netta alisikia Wattie anavuta pumzi. Alitaka kunyoosha mikono amsaidie, kama alivyosaidia watu miaka yote, akajizuia.

Wattie aligeuka. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha. Alimtazama Netta pale alipokaa, akamsogezea sinia.

"Shika, mama."

Netta alichukua kikombe chake. Mara ya mwisho mtu alipompa akiwa ameketi, mtu huyo alikuwa Jim. Alikunywa, na machozi yakaanza kumtiririka mpaka kidevuni, hakuweza kuyazuia, akabaki ameduwaa na sinia la watu.

"Utalia baadaye," Wattie alimnong'oneza, na mnong'ono wake ulifika hadi mimbarini. "Mwenzio anasubiri."

Netta alilishika sinia kwa mikono miwili, akageuka, akampa katibu.