Folda ya Mwamgongo

Dada yangu Yusta ana mimba ya miezi minane, na Jumatatu anapanda Kalinzi kujifungulia kwa mama. Kujifungua hakukumtisha. Kilichomkosesha raha ni tovuti ya boti.

Aliitengeneza mwenyewe mwaka jana, nyumbani kwake Buzebazeba, kwenye meza ya kulia chakula. Mtu akifungua simu anaona boti gani inatoka Kibirizi leo, saa ngapi, na kama ziwa limechafuka. Kila mwalo, pale boti zinapotia nanga, una moduli yake, yaani folda yenye ratiba zake na kazi zake. Ndani ya kila folda kuna faili dogo la kujitambulisha: mimi ni mwalo fulani, nipakie hivi. Mfumo ukiwaka unapita folda moja moja, unasoma hayo mafaili, unapakia kila ulichokikuta. Hakuna mahali pa kuandika orodha. Yusta alikusudia iwe hivyo.

"Sitaki kitu kinachoniita kila siku," aliniambia.

Mzee Leonardi, mwenyekiti wa wenye boti, hakuamini. "Ukienda kulea, tovuti inakufa," alisema. "Heri turudi kwenye ubao wa chaki."

Basi Ijumaa asubuhi Yusta akaenda ofisi ya wenye boti, Kibirizi, mimi nimembebea mkoba. Akatoa shikamoo, akavuta kiti akakaa mbali na kompyuta. Kwenye kompyuta alikaa Mwanvua, karani anayekata tiketi.

"Mzee, taja mwalo ambao haumo," Yusta alisema.

"Mwamgongo."

"Haya. Mwanvua ataweka. Mimi sigusi kitu."

Mwanvua akaguna. "We Yusta, unataka nifukuzwe kazi?"

"Nakili folda ya Mtanga. Badili jina, ratiba, na lile faili la kujitambulisha. Basi."

Mwanvua alibonyeza kwa kidole kimoja, midomo ikimtembea kama anayesoma barua. Alipomaliza akawasha mfumo upya. Kibirizi ikatokea, Mtanga ikatokea, Kagunga ikatokea. Mwamgongo hakuna.

"Si nilisema?" Mzee Leonardi akageukia mlangoni, walikosimama wenye boti watatu.

"Leteni chaki!" mmoja akapaza sauti, wenzake wakacheka.

Yusta hakunyanyuka. Namjua: akishaona kosa hutazama pembeni, asimwaibishe mtu.

"Mwanvua, umeiweka wapi?"

"Ndani ya Kibirizi. Si boti za Mwamgongo zinalala hapa? Wale ni watu wetu."

"Zinalala hapa, kweli kabisa," Mzee Leonardi akamuunga mkono.

"Zinalala, sikatai," Yusta alisema. "Ila mfumo unapita milangoni tu, hauingii vyumbani. Folda iliyo ndani ya folda nyingine haiioni. Itoe, ipange sambamba na wenzake."

Mwanvua akaiburuta nje. Akawasha tena. Halafu yule wa chaki, simu mkononi, akaruka.

"Ipo! Mwamgongo, saa saba mchana! Hata kwangu ipo!"

Mzee Leonardi akainamia kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. "Nani ameuambia kuna Mwamgongo?"

"Hakuna, Mzee. Mfumo umeikuta wenyewe."

"Na huyu akikosea akaandika ovyo?"

"Moduli hiyo moja inaachwa, na kosa linaandikwa. Nyingine zinaendelea na safari zao."

Mzee akajikuna kidevu. Swali lililofuata hakumuuliza Yusta.

"Mwanvua mwanangu, na Zashe tunaiwekaje?"

"Nimeshanakili folda," Mwanvua alijibu bila kuinua macho. "Boti ya Zashe inatoka saa ngapi?"

Watatu wa mlangoni wakajibu kwa pamoja, kila mmoja na saa yake, wakaanza kubishana. Yusta akaaga. Mzee Leonardi akampungia mkono tu, macho kwenye kioo, na hakuna aliyemwita arudi.