Maharage ya Bwana Shamba

Jamani, nimechoka kuisimulia habari hii, lakini najua hamtaniacha ninywe mbege yangu kwa amani mpaka niiseme, basi wacha niiseme mwenyewe, maana nikiwaachia ninyi mnaongeza chumvi. Ndiyo, mimi ndiye niliyeaibika mbele ya kijiji kizima. Ndiyo, kwa sababu ya Kiingereza. Haya, chekeni kabisa tumalize.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nimetoka Moshi mjini, kazi yangu ya jikoni kwa mzungu, naosha masufuria, namenya viazi, na Kiingereza changu chote nilikiokota humo humo kati ya jiko na meza. Nikarudi kijijini nimevaa viatu (vilinibana, lakini viatu ni viatu), nikatangaza kwamba Kizungu nakijua. Nilikuwa na sababu. Nilimtaka Filomena, binti wa Mzee Aloisi, na mzee alikuwa bado anasitasita, hajakubali nipeleke mbege ya posa.

Basi akaja Bwana Shamba, mzungu mgeni wa mambo ya kilimo, Kiswahili chake hakizidi "jambo" na "zuri", na mkalimani wake amebaki mjini na homa. Mzee Aloisi akanishika mkono mbele ya watu.

"Mwanangu, si unajua Kizungu? Simama utusemee."

Hapo ningesema kichwa kinauma, tumbo, chochote. Nikasema, "Nakijua, mzee," huku namtazama Filomena.

Bwana Shamba akasema maneno mengi, mengi yakanipita, lakini machache nikayadaka, hasa moja: beans. Wiki ijayo atarudi, kila nyumba ilete beans zake, zimekauka vizuri, hazina maganda. Beans! Si nilikuwa nazichemsha kila siku kule mjini, na nyingine nazifungua kwenye kopo? Nikawageukia watu kwa Kichagga, na sauti nimeikaza: "Bwana Shamba anataka maharage!"

Watu wakatazamana. Mzee Aloisi akaniuliza taratibu, "Maharage? Si kahawa?"

Nikamjibu (ee, mdomo huu!), "Mzee, mimi nimekaa nao, najua wanavyosema."

Sasa mnajua kwetu kahawa ni ya baba na maharage ni ya mama. Wanaume wakanuna wiki nzima, wanawake wakafurahi kwamba hatimaye kuna mzungu mwenye akili, na siku ilipofika wakateremka mpaka barabarani na vikapu kichwani wanaimba, mbele yao Mama Filomena, amebeba maharage yake ya mbegu, yale aliyoyachagua mojamoja kungojea mvua za masika, maana hakutaka kuaibisha nyumba yake.

Bwana Shamba akashuka kwenye gari, akatazama kikapu, akanitazama mimi, akatazama kikapu tena. Nadhani alitaka kucheka akaona haya, kwa hiyo akakipokea kikapu cha Mama Filomena, akachota maharage kwa mkono, akasema kwa upole, "Fine beans. Very fine."

Mimi fine nilijua moja tu. Kwa memsahibu wangu chakula kizuri kilikuwa good, kilikuwa nice, siku ya sikukuu kilikuwa lovely, na fine ilikuwa ile ya kukatwa mshahara nikivunja sahani. Nikasema, "Mama, anasema faini. Faini kubwa sana."

Lo! "Yesu na Maria, nimekosa nini mimi?" Mama Filomena akaking'ang'ania kikapu chake, mzungu naye hajaelewa, hakiachii, wakavutana mpaka kikapindukia topeni na mbegu zote zikamwagika, na wenzake walipoona hivyo wakatimua mbio kuingia migombani, Bwana Shamba nyuma yao anapunga mikono, "Zuri, mama! Zuri!" Akarudi anahema, akatoa kifuko garini, akamwaga buni kiganjani, kahawa kavu kabisa, akanisogezea mpaka puani.

"Beans!"

Kumbe kwao kahawa nayo ni beans! Watu wana meli, wana reli, wana dola yote ile, wamekosa neno lingine!

Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikapiga magoti kwenye tope naokota maharage, na Filomena akaja akainama karibu yangu, moyo ukatulia kidogo, nikadhani amekuja kunisaidia. Alikuwa anaokota ya mama yake. Nikamnong'oneza, "Filo, ni lugha yao hiyo, ina maneno ya kutatanisha."

Hakuniangalia. "Baba alikuuliza," akasema.

Mzee Aloisi hakunigombeza. Alisema tu, "Mbege yako kanywe na mzungu wako," akaondoka na mkewe. Filomena akaolewa Sanya Juu, na mtu asiyejua hata "good morning", na nasikia wanaishi vizuri. Mimi iliniuma, inaniuma mpaka leo, na msidhani kicheko chenu kinaniponya.

Tangu hapo sitafsiri, hata mkiniletea barua ya kheri. Maneno ya Kiingereza yana maana mbili, yana tatu, shauri yao. Lakini "sijui" ina maana moja tu, tena nilikuwa naijua kwa lugha tatu, na siku ile mzee aliponiuliza sikuisema hata kwa moja.