Ndama wa Ndani ya Karai

Juzi nilikuwa Bukoba kwa mwanangu. Mjukuu wangu amepewa na mjomba wake sanduku la kioo lenye samaki wa rangirangi, limewekwa sebuleni karibu na televisheni. Asubuhi mtoto anafungua kikopo, anachota unga kwa ncha za vidole, anaunyunyiza juu ya maji, anafunga kikopo, anakwenda zake kunywa chai. Basi, imekwisha! Nikabaki nimesimama pale kwa hasira, hata mkwe wangu akaniuliza, "Shikamoo mama, umeamka salama kweli?" Ningemjibu nini? Kwamba utoto wangu wa Mabira uliliwa na vitoto vya samaki, na kumbe dawa yake ilikuwa kikopo?

Acha nikusimulie wewe, maana nikikaa nalo peke yangu nitapasuka.

Sisi tulikuwa wafugaji. Wazee wetu walitoka Rwanda na ng'ombe wao, wakatua Mabira, huko Kyerwa. Miaka hiyo ya themanini Kyerwa yote ilihesabiwa Karagwe. Zizi lilikuwa mbele ya nyumba, migomba nyuma, na kila alasiri Bibi alifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa majani hadi ua mzima unukie. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa Tanga. Mkewe alipojifungua, Babu alimpelekea maziwa kila asubuhi na akakataa malipo. Mwalimu akaona haya. Alikuwa na mazoea ya kufuga samaki wadogo wa mapambo katika masanduku aliyoyaunda mwenyewe kwa vioo vya madirisha, basi akamletea Babu sanduku moja, ndani yake dume na jike. Kwake yeye hiyo ilikuwa asante, na mambo yameishia hapo.

Kwa Babu ndiyo kwanza yalianza. Kwetu mtu akikupa kiumbe kinachozaa, amekupa ng'ombe. Unamtunza, akizaa unamrudishia aliyekupa ndama wa kwanza, na tangu siku hiyo nyumba zenu ni ndugu. Akifa, huendi na maneno matupu. Unapeleka ngozi, aliyekupa aione kwa macho yake, asije akasema umemuuza. Babu hakuona kwa nini samaki awe na sheria yake. Akaamua kwamba kwa kuwa nilisoma kwa Mwalimu, mimi ndiye nitakayewalea hao ndama, na siku ya kurudisha nitawakabidhi kwa mikono yangu. Kwetu jambo hilo waliachiwa wavulana. Nilivimba kichwa wiki nzima, mjinga mimi.

Mayai ya kwanza yalitagwa juu ya jiwe, na wazazi wenyewe wakayala. Bibi aliyaona hayo kwa macho yake. "Mama gani huyu?" alisema, na tangu hapo akamsusia yule jike, akipita hamtazami. Mwalimu akanielekeza kwamba wakitaga tena nilihamishie jiwe kwenye karai. Nikafanya hivyo, wakaanguliwa, wembamba kama uzi, macho na mkia tu. Mwalimu aliwaita vifaranga. Babu aliwaita ndama.

Sasa chakula. Ugali hawali, unga hawali. Wanakula kinachotembea, tena kiwe kidogo kuliko wao! Mwalimu akasema niloweke nyasi kavu kwenye chungu, nikiweke juani mpaka maji yanuke, humo watazaliwa wadudu wasioonekana kwa macho. Vifaranga wakikua kidogo niwatafutie viroboto wa maji bondeni, halafu viluwiluwi vya mbu. Aliyasema hayo yote kwa utulivu, kama mtu anayekutuma chumvi dukani.

Kuloweka nyasi ni rahisi ukiwa huishi na Bibi. Kwake maji yanayonuka na vyombo vya maziwa havikai ua mmoja. Chungu cha kwanza akakimwaga kwenye migomba. Cha pili nikakificha nyuma ya zizi, ndama wa kweli akakinywa chote, na nikagombezwa mimi kwa kumlisha ndama uchafu. Bondeni nilikwenda na kipande cha khanga cha kuchujia maji, nikarudi na ruba miguuni. Viroboto wa maji ni kama vumbi linalorukaruka. Unahangaika kuwakusanya asubuhi nzima, ukifika juu ya kilima jua limewachemsha ndani ya kopo. Viluwiluwi nilifuga kwenye pipa bovu. Nilipochelewa kuwavuna, wakaota mabawa wakaingia vyumbani. Jirani yetu, mwanamke mwenye mdomo, alikuja mpaka langoni akasema, "Wafuga ng'ombe tumewaona, wafuga nyuki tumewaona. Wafuga mbu ndiyo leo."

Ukafika msimu wa senene. Wenzangu wanakimbizana nao kwenye nyasi, jioni kila nyumba inakaanga, mimi nimeinama kwenye matope. Bibi akatikisa kichwa. "Wenzako wanakamata wadudu wakale wao. Wewe unakamata wadudu wakale samaki, na samaki mwenyewe hatutamla!" Hakukosea hata neno moja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Lakini wakakua. Matumbo yakajaa, wakaanza kufukuzana. Kila jioni Babu alichuchumaa kando ya karai na fimbo yake, akichagua wa kurudisha kama anavyochagua mitamba. "Yule mwenye mgongo mpana," alisema. Mimi mgongo wenyewe sikuuona. Akapanga tuwapeleke Jumapili, baada ya ibada.

Jumamosi jioni nilitoka bondeni na kopo langu la viluwiluwi. Nikakuta maji ya karai ni meupe. Bibi alikuwa amesimama pale na chombo chake cha maziwa mkononi, kitupu, na uso umetulia kabisa.

"Mtoto amezaliwa juzi, mama yake kamkataa, na wewe unampa mbu," akaniambia. "Kesho wanakwenda ugenini. Nimewapa maziwa."

Ndivyo alivyowalea ndama yatima maisha yake yote. Tena yalikuwa maziwa yake mwenyewe ya jioni, alilala bila kuyaonja. Nilichota maji mapya, nikamwaga, nikachota tena, bure. Kulipokucha walikuwa wanaelea. Nililia kwa hasira, maana Bibi humpigii kelele, nikalipiga teke pipa la viluwiluwi hadi mguu ukavimba. Bibi akaja, akachungulia karai, akarudi ndani.

Babu alikata jani la mgomba, akalipasha motoni lilegee, akanipa. "Wakusanye."

"Babu, ni samaki."

"Ni ngozi."

Tukatoka. Babu mbele na koti lake la kanisani, mimi nyuma na jani. Watu wakitoka ibadani wanauliza mnapeleka nini, na Babu anajibu bila kutabasamu, "Tumefiwa na ndama." Wanasema poleni, kisha wanatazama kile kifurushi changu kinachotosha kiganjani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa Mwalimu nilikabidhi kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa. Mwalimu akafunua jani. Niliona kabisa mdomo wake unataka kucheka. Halafu akamtazama Babu, ambaye alikuwa amevua kofia, na kicheko kikaishia hapohapo. Akamwita mkewe, akaja na mtoto mgongoni, akaonyeshwa naye.

"Wamepatwa na nini?" Mwalimu akauliza.

Nilifungua kinywa nimtaje Bibi. Babu akaniwahi. "Maziwa yaliwazidi. Ni kosa la nyumba yangu."

Mwalimu akalikunja jani polepole. "Nimeona, Mzee. Poleni sana. Mama yao si yupo? Atazaa."

Hivyo ndivyo anavyojibiwa mtu aliyeleta ngozi. Sijui mtu wa Tanga alifundishwa na nani. Babu akashusha pumzi, akakaa, akaletewa chai, na mpaka Mwalimu anahamishwa nyumba zile mbili zilikuwa ndugu.

Lile bonde siku hizi ni mashamba ya mboga. Maziwa yanakwenda mjini kwenye madumu ya plastiki, na sijasikia harufu ya ule moshi miaka mingi. Babu na Bibi wamelala nyuma ya migomba. Nami, nikuambie kweli, kwa yale maziwa bado nina hasira na Bibi, na ninamkumbuka mpaka nashindwa kula.

Siku ya kuondoka Bukoba, samaki mmoja wa mjukuu wangu aliamkia kuelea. Mtoto akamchota kwa kijiko, akamtupa kwenye pipa la taka, akafungua kikopo kuwalisha waliobaki.

"Mjomba wako aliyekupa," nikamuuliza, "umemwambia?"

Akacheka. "Bibi, ni samaki."

Nikamwambia amtoe kwenye pipa, nami nikatoka nje kutafuta jani la mgomba.